Mkalimani Hakukosea

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Leo nimemwombea mchumba wangu kwa Kiingereza bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Nastahili kombe.

Mama Thérèse, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu lenye Wakongo wengi, alisimama kwenye zamu ya maombi, akafumba macho na kuanza: "Bwana, tunamuleta kwako dada yetu Kathambi na mchumba wake. Umulinde mchumba wake, umupe nguvu, umutoe huko anajificha, siku moja tumuone na macho yetu!" Kanisa zima likaitikia amina huku likicheka. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na maikrofoni ya pili, kwenye kazi yangu ya miaka yote. Kinachosemwa kwa Kiswahili nakisema kwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana waliozaliwa hapa Johannesburg na wageni wetu wa Kizulu.

Kwa Kiswahili hakuna shida. Umlinde, umpe, umtoe, nani atajua? Lugha yetu ina adabu, haimfunui mtu nguo. Kiingereza ndicho chenye umbea. Hakiwezi kumlinda mtu kabla hakijauliza kama ni him au her. Kwa hiyo nikazunguka: mlinde mchumba, mpe mchumba nguvu, mtoe mchumba mafichoni. Mchumba, mchumba, kama santuri iliyokwaruzwa.

Sijamdanganya mtu. Waliniuliza jina, nikasema Fal. Kwao? Bukavu. Kazi? Nywele. Wakajijibu wenyewe kwamba ni kinyozi.

Fal ni Falonne. Saluni yake iko chini ya jumba la ghorofa mtaani Berea, kona mbili kutoka kanisani, na Mama Thérèse husukwa naye kila mwezi.

Jumatano, 8 Oktoba

Joto, mvua hakuna. Jakaranda zimemwaga maua njia yote ya kwenda kituo cha treni, zambarau tupu, tena zinateleza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumepata tarehe! Jumamosi, 13 Desemba. Afisa wa ndoa ni mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Tulipoingia mkono kwa mkono alituuliza mambo mawili tu: pasipoti ziko wapi, na je, tunataka viti vingapi vya wageni. Falonne alikuwa amejiandaa kwa vita tangu asubuhi. Tulipotoka hakujua pa kuuweka ule ujasiri, akaenda kugombana na mtu wa maegesho.

Jioni mama alipiga simu kutoka Nkubu, kwetu Kenya.

"Huyo mtu anakuoa lini?"

"Mama, tunaoana Desemba."

"Ndiyo nimesikia, lakini anakuoa tarehe ngapi?"

Hapo ndipo Kiswahili nacho kinanikwaza, hata kwa Mmeru kama mama anayekiazima. Mmoja anaoa, mwenzake anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Nikarudia tunaoana. Akasema haya mwanangu, na akauliza kama huyo mtu anakula nyama ya mbuzi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bado joto. Kazini kila mtu ana mafua.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua ya kwanza, radi kwanza halafu maji. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia hadi kanisani.

Baada ya ibada Pasta Théodore alinishika mkono. "Dada Kathambi, tarehe iko karibu. Uniletee jina nzima la bwana arusi, nianze matangazo." Desturi yetu ni hiyo: ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara Pasta huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nimetafsiri matangazo ya watu mpaka nayajua kwa moyo. Nimetangaza ndoa za watu waliokutana juzi. Nimetangaza ndoa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa na pingamizi nayo, nikanyamaza kwa sababu ya biriani.

Nataka yangu itangazwe. Nataka isomwe kwa Kiswahili, mbele ya watu waliokaa na mimi msibani baba alipofariki nami nikakosa nauli ya kwenda kumzika. Nilimwambia Falonne hivyo. Alikuwa anaosha vitana.

"Juu ya nini usiache tu?" akasema. "Tuko na tarehe, tuko na mama wa miwani. Kanisa ni ya nini?"

"Ni watu wangu."

"Mm. Tutaona kama nao banajua."

Jumapili, 2 Novemba

Nimesema.

Ilikuwa tena zamu ya Mama Thérèse. "Umubariki mchumba wa dada yetu." Nikafungua mdomo nizunguke kama kawaida, na badala yake nikasikia sauti yangu kwenye spika ikisema her. Mbariki yeye, kwa neno la kike, peupe. Sijui kama ulimi uliamua peke yake au mimi niliutuma. Nadhani tulishauriana.

Nikasubiri dari ianguke.

Vijana wa nyuma wakaanza kuchekelea. Kwenye kwaya, Wamaitha, rafiki yangu Mkikuyu tunayepanda naye treni ya Sandton kila asubuhi, aliinua kichwa. Halafu Pasta Théodore akatabasamu, akasema kwa huruma yote: "Musimucheke mukalimani wetu, amechoka. Hii Kiingereza inatuzungusha wote. Mimi mwenyewe, mke wangu namwitaka he."

Kanisa likapasuka kwa kicheko, maana ni kweli. Humwita hivyo hata mbele ya wageni, na mkewe ni mwanamke mkubwa, hakosewi. Sisi wote tuliolelewa na Kiswahili tunavichanganya vile viwili. Mtu wa kwetu akikosea hapo anasamehewa kabla hajamaliza.

Basi nikasamehewa. Nimesema ukweli wa maisha yangu kwenye maikrofoni, na kanisa zima limeniona nimekosea sarufi!

Nilipomsimulia Falonne alicheka mpaka akakaa chini kati ya nywele zilizokatwa. "Umewaambia kweli, bakakurekebisha grammaire!" Nami nikacheka. Ila nilipofika nyumbani nilikasirika, tena sana. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini wangu niliufunua na watu wakaufunika wenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua kila alasiri, saa ile ile ya mtu kutaka kutoka kazini.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa bado na viatu vilivyolowa.

Safari hii aliyeomba ni Pasta mwenyewe. "Dada yetu Kathambi anafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Bwana, umupe mchumba wake hekima." Nikatafsiri: her. "Umupe afya." Nikatafsiri: her. Pasta akasimama. Akaniinamia na kunong'ona, lakini maikrofoni haijui minong'ono.

"Dada, ni him."

Watu wakacheka.

"Hapana, Pasta," nikasema, kwa Kiswahili, asibaki mtu. "Ni her. Jumapili iliyopita pia ilikuwa her. Sikukosea. Fal ni mwanamke."

Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikajitafsiri. Nilisema yote tena kwa Kiingereza, polepole, nikiwaangalia vijana wa nyuma. Hakuna aliyechekelea.

Mama Thérèse alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Fal gani?"

"Falonne, Mama. Anayekusuka."

Akashika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Alisukwa juzi tu, mistari myembamba inayokutana kisogoni. Kazi nzuri sana.

Pasta akaita wimbo. Kwaya ikaanza bila Wamaitha, ambaye alikuwa ananiangalia mdomo wazi. Niliweka maikrofoni mezani taratibu, isije ikasemwa nimevunja mali ya Bwana, nikatoka katikati ya viti. Nilitaka kutoka kwa heshima, niende zangu. Nikashuka ngazi, nikafika mlango wa barabarani, na mbingu ikaachia mvua ya mawe.

Si kidogo. Mawe kama ndimu, yakipiga mabati na magari mpaka ving'ora vya magari mtaa mzima vikalia. Hakuna aliyeweza kutoka. Ibada ikaisha, watu wakashuka, tukabaki wote tumebanana kwenye ukumbi wa chini, kanisa zima na mimi. Walibanana kweli, mtu na mgongo wa mtu, ila kunizunguka kulikuwa na nafasi ya kutosha kutandika mkeka. Mtoto mmoja wa Jocelyne, mshirika mwenzetu, alikuja kusimama nami. Mama yake akamvuta kwa kola. Nilisimama nikaangalia mawe. Halafu nikaanza kuimba ule wimbo waliokuwa wanauimba juu. Hakuna aliyeitikia. Nikaumaliza peke yangu, beti zote.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia mama kabla Wakenya wengine hawajamwambia. Amekata simu.

Jumatano, 12 Novemba

Wamaitha alikaa mkabala nami kwenye treni. Tukaingia kwenye handaki.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Sijui. Aki Kathambi, miaka yote hii tunakula lunch pamoja! Nimekuwa nikimwombea huyo Fal nikidhani ni... nilikuwa hata nimemwazia masharubu."

"Ulimwombea mtu au uliombea masharubu?"

Akageukia dirishani, ingawa ndani ya handaki hakuna cha kuona. Tulipofika Sandton alipanda ngazi za umeme bila kunisubiri.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeitwa. Chumba cha nyuma ya kanisa, kati ya ngoma na viti vya plastiki. Pasta Théodore, na Mzee Marcellin, mume wa Jocelyne, ambaye ni mlinzi kwenye benki ya jirani na huja kila mahali na redio yake ya upepo.

Mzee Marcellin ndiye aliyeanza. Sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa kweli, siwezi kumnyima hilo.

"Mi nauliza tu. Kati yenu bawili, nani anaoa na nani anaolewa?"

"Tunaoana, Mzee."

"Hapana, hiyo haiwezekane. Lazima mumoja aoe."

"Mzee, wewe na Mama Jocelyne mkigombana, nani anagomba na nani anagombwa?"

Akafikiri. "Tunagombana."

"Basi na sisi tunaoana."

Pasta aliangalia ngoma kwa bidii. Alitaka kucheka, nilimwona. Nampenda Pasta Théodore, na hilo ndilo linaniudhi.

Kisha akaja na lake, kwa sauti ya upole. Hawanifukuzi. Nije kanisani, nikae, niimbe. Maikrofoni nipumzike kwanza. Matangazo hayatakuwapo. Na ushauri wa baba kwa mtoto: "Falonne yuko na dada yake mukubwa Ubelgiji, si ndiyo? Hayo mambo yako na inchi zake, dada. Kule banakubali. Muende, mufunge kule kimyakimya, murudie huku. Nani atajua? Na sisi hatutaulizwa."

"Pasta, na hapa wanakubali. Sheria ya hapa inaturuhusu karibu miaka ishirini sasa."

"Ni sheria ya benyewe. Sisi ni bageni."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimkumbusha majira ya baridi, wale watu walipokuja na mabango kutuambia wageni tutoke kwenye jengo hili. Nani alinichukua kwenda naye kwa diwani nimtafsirie? Nani alishika kile kijitabu cha katiba juu kama Biblia, akapiga kidole, akasema humu imeandikwa kila mtu? "Ulisema kila mtu, Pasta. Si Mzulu, si mwenye kitambulisho. Nilitafsiri mimi. Hukuniambia nitoe mtu. Siku ile hukuwa mgeni kwenye sheria ya wenyewe, ulikuwa mwenye nyumba. Katiba si sinia ya pilau uchague nyama umwachie mwenzako wali."

Redio ya Mzee Marcellin ikakoroma, mtu akiuliza geti la nyuma limefungwa?

"Umesema," akasema Pasta mwishoni. "Lakini maikrofoni utapumzika."

Jumapili, 16 Novemba

Nilikwenda. Nilikaa safu ya pili, nafasi yangu na viti vitupu viwili kila upande. Maikrofoni ya pili alishika Wamaitha.

Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Niliumia hata zaidi.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Mama hapokei simu.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumegombana, mimi na Falonne. Nani aligomba, nani aligombwa, Mzee Marcellin aje aamue.

Murielle alipiga simu kutoka Liège, Ubelgiji, tukamweka kwenye spika. Ni dada yake mkubwa Falonne, ana sauti inayojaza chumba. Kumbe Falonne alishamwuliza habari ya kwenda. Mimi sikuambiwa.

"Muje!" akasema Murielle. "Huku sheria iko ya zamani kuliko hata ya kwenu. Majirani bangu ni banaume bawili na mutoto bao, bourgmestre, meya mwenyewe, alibafungisha na ile skafu ya rangi tatu tumboni. Balipoanza kukaa hapa, mama wa ghorofa ya chini alikuwa anapiga ishara ya musalaba kwenye ngazi. Leo ye ndiye anachunga mutoto. Sheria ilikuja siku moja, huyu mama akachukua miaka. Lakini alifika."

Falonne alinitazama kwa jicho la unaona?

"Na kanisa?" nikauliza. "Kanisa lenu la Wakongo hapo?"

Murielle akacheka muda mrefu. "Ah, kanisa! Pale ni Bukavu tupu. Mutakuta ba Mama Thérèse bengine, tena na makoti."

Simu ilipokatika nilisema, unasikia, hakuna pa kukimbilia. Falonne akanigeuka kama mvua ya mawe. Nilisema hivyo kwa raha gani? Mimi nina ofisi Sandton, yeye ana viti viwili na kioo. Wateja wake ni hao hao akina mama. Tangu Jumapili ile ameingia mmoja tu, naye alikuwa Mzulu aliyepotea njia. Mimi naimba beti zote peke yangu na kujiona shujaa. Yeye ndiye anayekaa kwenye saluni tupu akiangaliwa kupitia dirishani. "Ujasiri wako," akasema, "mimi ndio naulisha."

Nilikwenda zangu nikiwa nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira ni kwamba alisema kweli.

Jumapili, 23 Novemba

Leo ndiyo ingekuwa Jumapili ya kwanza ya tangazo letu. Pasta alitangaza ndoa ya wengine. Wamaitha alitafsiri bila kosa.

Jumatano, 26 Novemba

Falonne hajanipigia, nami sijampigia. Vichwa ngumu wawili. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: naogopa ataondoka, na kwamba atakuwa na haki.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilipanda teksi hadi Berea kwenye mvua, nikamkuta Falonne saluni, amepanda juu ya stuli, anapaka mlango rangi. Rangi ya chungwa kali, ya kuumiza macho.

"Nimeongea na Murielle tena," akasema bila kugeuka. "Nimemwambia asante, tutakuja kutembea, tukule frites, zile chipsi zao." Akachovya brashi. "Niliacha Bukavu juu ya vita. Sitaacha Johannesburg juu ya Mama Thérèse."

Nikavua koti, nikachukua brashi ya pili. Aliniambia napaka vibaya. Nikamwambia nisamehe, kwa yote, na akasema ndiyo lakini bado unapaka vibaya. Kisha akasema neno moja zaidi: kama bado nataka kutangaza kanisani, atakuwa amesimama karibu yangu, si mlangoni, na atavaa gauni lake la kijani. Tulipomaliza mlango ulikuwa unaonekana hadi kwenye taa za kuongozea magari, zile wenyeji wanaziita roboti.

Jumapili, 7 Desemba

Tuliingia pamoja wimbo wa pili ukiendelea. Gauni la kijani. Wimbo haukukatika, lakini ulipungua sauti, kama redio inapopita chini ya daraja. Tukakaa safu ya pili.

Kanisani kwetu, baada ya mahubiri, kuna zamu ya matangazo. Pasta akishamaliza yake huuliza: mwenye tangazo? Na mshirika yeyote husimama. Mtu amepoteza funguo, mtu ana chumba cha kupangisha, mtu anauza friji. Leo Pasta alimaliza yake na kwenda moja kwa moja kufunga Biblia. Hakuuliza. Nikasimama hata hivyo.

"Dada Kathambi, si sasa."

"Ni sasa, Pasta. Zamu ya matangazo ni sasa. Juzi juzi mtu aliuza friji hapa."

Sina maikrofoni, lakini miaka yote ya kusimama kando ya wahubiri haikupita bure. Nilivuta pumzi. Falonne akasimama, bega lake likagusa langu.

"Mimi Kathambi, mshirika wa kanisa hili, na Falonne wa Bukavu, tunaoana Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Hatuendi Ulaya. Hatufanyi kimyakimya. Tunaoana hapa hapa Johannesburg, na kila mtu anakaribishwa. Mwenye pingamizi asimame aniambie usoni, kwa Kiswahili, maana hicho ndicho nilichowaombea nacho."

Hakuna aliyesimama. Mzee Marcellin alizima redio yake, na sijawahi kumwona akiizima.

Safu ya mbele, bibi mmoja wa Kizulu, gogo kama wanavyowaita hapa, ambaye huja kila Jumapili na haelewi Kiswahili hata kidogo, akageuka huku na huku. "Uthini?" akauliza. Anasema nini?

Macho yote yakaenda kwa Wamaitha. Alikuwa na maikrofoni. Alimtazama Pasta, na Pasta akatikisa kichwa, kidogo tu, hapana. Akanitazama mimi. Nilijua hasa pale aliposimama, maana nimesimama hapo. Ukiwa mkalimani maneno ya mtu yanakuwa mdomoni mwako kabla hujaamua unayataka.

"Pasta, nisamehe," akasema. "Gogo ameuliza."

Akatafsiri. Neno kwa neno, jina langu na jina la Falonne, siku, saa. Hatuendi Ulaya, alitafsiri. Kila mtu, alitafsiri. Na alipofika kwa mwenye pingamizi, alisema kwa sauti kubwa kuliko yangu, na mwishoni akaongeza lake ambalo mkalimani haruhusiwi kuongeza: kwamba ni her na her, na mkalimani hakukosea.

Gogo alisikiliza mpaka mwisho, akashika shavu. "Eish," akasema kwa Kizulu chake, "Jumamosi nina mazishi." Akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungua, akatukabidhi peremende mbili za mnanaa.

Usiku nilimtumia mama siku na saa. Hajajibu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama Thérèse amekuja saluni. Kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbele ya mlango wa chungwa muda mrefu, akaingia, akakaa kwenye kiti.

"Sikuja kwa mambo yenu," akasema. "Nimekuja kwa kichwa yangu. Yule mususi wa Hillbrow ameniharibu."

Akavua kitambaa. Kweli alikuwa ameharibiwa. Falonne alifumua na kusuka. Mimi nilikuwa napiga pasi gauni la kijani pembeni. Mwishoni Mama Thérèse alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo, kulia, kushoto.

"Kesho siji."

"Tunajua, Mama," akasema Falonne.

"Gauni," akaniambia, "hiyo mikunjo ya kiuno hukupiga vizuri." Akaondoka kwa madaha na kichwa wazi, bila kitambaa, kwenye barabara ile ile ya kanisani.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumeoana.

Ilinyesha tangu alfajiri. Wamaitha alikuja na mwavuli wa ofisini, akalia kabla ya kitu chochote kuanza. Mtoto wa Jocelyne alikuja, na Jocelyne mwenyewe nyuma yake, akidai amemfuata mtoto. Pasta hakuja. Mzee Marcellin hakuja ndani, lakini alikuwa nje getini na sare yake ya ulinzi, kwenye mvua, na hakuna aliyemtuma. Murielle alikuwa kwenye simu, akipiga vigelegele mpaka mama wa miwani ya kamba akamwomba asubiri kidogo. Nilisema ndiyo, Falonne akasema ndiyo, na wote tuliweka sahihi mstari mmoja juu ya mwingine.

Tulikuwa tunakula kwangu simu ilipolia. Nkubu.

"Kathambi."

"Mama."

Nilisikia kuku wake. "Ni nani amemuoa mwenzake?"

"Tumeoana, mama."

"Mimi sijakubali."

"Sijakuomba ukubali. Nimekuambia kwa sababu wewe ni mama yangu."

Niliona Falonne ameacha kula.

"Na mimi nimwiteje huyo? Watu wakiniuliza?"

"Mwite mkwe. Hilo neno halina suruali wala sketi."

Akavuta pumzi kama anayebeba ndoo. "Sijakubali," akasema tena. "Lakini mpe simu huyo mkwe. Lazima mtu amwambie ulivyo kichwa ngumu. Hajui amejiingiza wapi."

Nikampa. Sasa hivi ninapoandika bado wanaongea, huyu na Kiswahili chake cha Bukavu, yule na chake cha Nkubu, kila mmoja akisema nini? nini? na kurudia kwa sauti zaidi. Falonne ananionyesha kwa mkono nimsaidie, hajaelewa neno. Nimetikisa kichwa. Leo sitafsiri.